Hatua Saba

Baba mdogo aliiweka juu ya meza ya chakula, kati ya bakuli la mlenda na chupa ya chai, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kufutia miwani. Mama mdogo alichukua mlenda wake akahamia jikoni bila kusema neno. Nilibaki mimi, baba mdogo, na bastola.

"Wewe si umepita jeshini," aliniambia. "Nionyeshe."

Baba mdogo ananunua alizeti. Msimu ukifika huzunguka vijijini kwa pikipiki na fedha taslimu, kwa sababu mkulima wa Ikungi aliyesubiri mvua miezi mitano hataki kusikia habari za muamala uliokwama. Mwaka mmoja kabla ya chakula hicho cha mchana, alisimamishwa na vijana watatu kwenye njia ya vumbi. Mmoja alishika panga. Mwingine alikuwa na kitu kirefu kimezungushiwa kanga, na hadi leo baba mdogo hajui kama lilikuwa gobore au bomba la maji. Alitoa fedha zote. Hawakumgusa. Lakini tangu siku ile alianza kulala na taa ikiwaka, na baadaye akaanza safari ya kuomba kibali: serikali ya mtaa, kata, polisi, kamati, kurudi tena polisi. Ilichukua muda mrefu hadi nikadhani amesahau. Hakuwa amesahau.

Ukweli ni kwamba jeshini nilipiga risasi tano. Watu wa rika langu waliokwenda JKT kwa mujibu wa sheria wataelewa. Unakimbia mchakamchaka wiki nzima, unalima, unaimba hadi sauti inakauka, halafu siku moja mnapelekwa uwanja wa shabaha, mnalala kifudifudi kwenye mchanga wa moto, na afande anasimama nyuma yako akikuambia mambo manne ambayo ndiyo elimu yote: kitako kikae begani sawasawa, shavu ligande kwenye bunduki, toa pumzi nusu halafu ishike, na triga uivute polepole kama unakamua ng'ombe asiyekujua. Kuruta mwenzangu aliyetoka Dar es Salaam hakuwahi kukamua ng'ombe. Mimi nilishakamua, na hata hivyo kati ya risasi zangu tano mbili tu ndizo zilizopatikana kwenye ubao. Na hiyo ilikuwa SMG, bunduki ndefu, imelala chini, dhidi ya ubao usiotembea.

Sikumwambia baba mdogo hayo. Nilimwambia tumtafute mwalimu. Halafu, kama ilivyo kawaida yangu ninapoogopa jambo, nikaenda kusoma.

*

Nilichokuwa natafuta ni swali dogo: watu wa kwetu walianza lini kupigwa risasi, na risasi hizo zilipata nini. Jibu la kwanza lenye tarehe nililikuta kwenye kitabu cha mtu ambaye huku shuleni tulifundishwa kumtaja pamoja na wavumbuzi, jina moja katikati ya orodha ya kukariri: Henry Morton Stanley.

Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na watu 356, wakiwemo wanawake na watoto, akielekea Ziwa Victoria. Safari yake ya kwanza, ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, ilifuata njia kuu ya misafara kupitia Ugogo na Mgunda Mkali, lile pori kavu ambalo sehemu yake kubwa leo ni Manyoni na Itigi. Safari hii aliamua kukata kaskazini mapema, kupitia nchi ambayo misafara ya Waarabu na Wanyamwezi ilikuwa haiizoei. Akaingia Unyaturu. Yeye aliandika Ituru.

Ulikuwa msimu wa mvua na watu wake walikuwa na njaa. Mahali alipopaita Chiwyu, tarehe 17 Januari 1875, kijana Mwingereza Edward Pocock alikufa kwa homa, akazikwa chini ya mti. Siku chache baadaye mtu mgonjwa aliyebaki nyuma ya msafara alikutwa ameuawa, mwili umekatwakatwa. Alikuwa Kaif Halleck, mbeba barua yuleyule ambaye Stanley alimchukua mwaka 1871 ili amfikishie Livingstone mfuko wake wa barua kule Ujiji. Mtu aliyevuka nchi hii yote na barua za watu wengine alikufa kwetu, kwenye njia ya kuchungia, na sijawahi kusikia mtu yeyote Singida akimtaja.

Kisha wakafika Vinyata, katika bonde la mto ambao Stanley aliuita Leewumbu. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mganga wa pale alikuja kambini, akapewa zawadi, na ng'ombe alipochinjwa mganga akaomba moyo wake. Kesho yake kijana mmoja wa msafara alituhumiwa kuiba maziwa katika nyumba ya mtu. Stanley anasema alilipa nguo na wazee wakaridhika. Lakini wengine hawakuridhika, na mishale ikaanza kuja.

Hapa lazima niseme kwamba anayesimulia ni mmoja tu. Hakuna Mnyaturu wa Vinyata aliyeandika kitabu. Hatujui walionaje msafara wa mamia ya watu wenye silaha na njaa ukipiga kambi pembeni ya mazizi yao, wala maziwa yale yalikuwa ya nani, wala moyo wa ng'ombe ulikuwa na maana gani mikononi mwa mgeni asiyejua anachokitoa. Mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe nadhani ninakisia vizuri kuhusu maziwa, ila kukisia si kujua.

Kilichonivuta ni mapigano yenyewe. Watu wa Stanley walikata miti na miiba wakajijengea boma. Walikuwa na bunduki za aina mbalimbali, na bora kati ya zile za askari wake zilikuwa Snider, silaha ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1866. Snider haikujazwa risasi kupitia mdomo wa mtutu. Ulifungua kifuniko nyuma, ukatia risasi, ukafunga, ukafyatua. Askari aliyefundishwa vizuri aliweza kupiga risasi kumi kwa dakika, wakati bunduki ya zamani ya kushindilia baruti ilitoa tatu. Kwa hesabu ya makaratasi, Vinyata haikuwa na nafasi.

Lakini Stanley hakubaki ndani ya boma. Alituma vikosi vidogo kwenda kuwafukuza washambuliaji uwandani. Kimoja kiliongozwa na mtu aliyeitwa Farjalla Christie. Kilifukuza mbele mno, kikajikuta kwenye uwanda wazi, kikazingirwa na kumalizwa. Hadi siku zile ziishe, zaidi ya watu ishirini wa msafara walikuwa wamekufa. Siku iliyofuata Stanley alipeleka kikosi kikubwa, vijiji vikachomwa moto na nafaka ikabebwa. Ndipo msafara ukaondoka. Ulipofika Kagehyi kando ya Ziwa Victoria mwishoni mwa Februari, ulikuwa umetembea maili 720 kwa siku 103.

Nimelifikiria sana kundi la Farjalla. Wengi wa watu wale walikuwa wapagazi na walinzi wa misafara, waliokabidhiwa bunduki kwa sababu safari ilihitaji watu wenye bunduki. Fikiria mkono wa mtu mmoja wao. Amepiga. Sasa lazima afungue kifuniko, alitoe ganda, apapase kwenye mfuko, atie risasi nyingine, afunge. Kwa kila hatua kati ya hizo macho yake yanatazama chini. Mwenye upinde, aliyeanza kuchezea upinde wa mtoto tangu alipoweza kusimama, haangalii mkono wake hata mara moja. Mshale unatoka kwenye podo na kukaa kwenye uzi wakati macho yako kwa adui. Mbali, Snider inamuua kabla hajakaribia. Karibu, kwenye kichaka, hatua thelathini au ishirini, hesabu inageuka. Na adui anapokuwa pande zote nne, kumi kwa dakika ni namba ya mtu anayetazama upande mmoja.

Kuna jambo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Stanley aliondoka Unyaturu akiamini kwamba maji ya Leewumbu ni chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile, na alijisifu kwa hilo. Maji ya kwetu hayafiki Nile. Yanashuka Wembere, yanaelekea Kitangiri na Eyasi, na huko yanaishia kwenye chumvi.

*

Je, bastola? Stanley alikuwa nazo. Lakini picha yake maarufu ya bastola haimwonyeshi akipigana na adui. Ni ya mwaka 1872, wakati wa kurudi kutoka kwa Livingstone, na imechorwa kwenye kitabu chake cha kwanza: mpagazi yuko ndani ya mto, maji yamemfika karibu na shingo, amebeba kichwani sanduku la karatasi za Livingstone, na Stanley amesimama ukingoni akimwelekezea rivolva. Ukiliangusha sanduku, nakupiga.

Nilipoiona picha ile nilielewa kitu kuhusu bastola ambacho vitabu vya silaha havikunieleza. Ni silaha ya umbali mfupi, na watu walio umbali mfupi nawe, mara nyingi, ni watu wako. Baadaye, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, askari alibeba bunduki ndefu na afisa akabeba bastola. Bunduki ilikuwa ya kupigana. Bastola kiunoni ilikuwa ya kuonyesha nani anaamuru. Hata leo, kwenye picha za magazeti, utaona hivyo.

Na wenyeji walibeba nini? Katika miaka ya 1870 na 1880 bunduki ziliingia bara kama mvua. Konsuli wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Kusini mwa mkoa wetu, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alijenga utawala wake kwa rugaruga wenye bunduki za aina hiyo, akazishika njia za Mgunda Mkali hadi alipofariki mwaka 1884. Binti yake Mgalula akarithi. Bunduki nyingi za zama zile zilikuwa magobore yaliyojazwa baruti kwa kukisia, na wapigaji wengi walifyatua zikiwa kiunoni ili moto na moshi visiwaruke usoni. Usalama wa jicho ulikuja kwanza, shabaha baadaye. Kishindo ndicho kilichofanya kazi. Baba mdogo, aliyetoa fedha zake zote mbele ya kitu kilichofungwa kanga, anaelewa kazi ya kishindo ambacho hakikusikika.

Kisha yakaja makubaliano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890. Tulisoma shuleni kwamba yalihusu kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake mataifa ya Ulaya yalikubaliana pia kutoingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Waafrika wangeweza kuuziwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani bunduki ambayo risasi yake haizunguki hewani, hivyo haijui inakokwenda. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanajenga boma lao Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na askari wao walibeba Mauser.

Nilikuwa nadhani gobore lilibaki vijijini kwa sababu ya umaskini. Sasa najua kwamba kabla ya umaskini kulikuwa na mkataba.

Ndiyo maana pia sicheki ninaposikia habari za Liti. Kila mtoto wa Singida anazijua: mwanamke wa Kinyaturu aliyewakabili Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Uwanja wetu wa mpira mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Masimulizi yanatofautiana kijiji hadi kijiji, na sitajifanya mwamuzi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyenyimwa silaha inayofika mbali, na ambaye jirani zake wote wana mizinga ya nyuki, hakuwa anaota ndoto alipofikiria kitu kinachojilenga chenyewe.

*

Kaskazini mwa mkoa, wilayani Mkalama, wako Wahadzabe wa Munguli na maeneo ya jirani, ndugu wa wale wa bonde la Yaeda na Mang'ola. Wote kwa pamoja ni watu elfu moja na kidogo. Ukitaka kuona shabaha kama elimu ya maisha, ni huko. Mtoto wa kiume anapewa upinde mdogo akiwa bado mdogo kabisa, na mchana kutwa anawinda ndege na panya na vitu visivyosimama. Hakuna afande. Hakuna risasi tano.

Mtaalamu wa anthropolojia James Woodburn alianza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1982 alichapisha makala ambayo nimeirudia mara nyingi, akijaribu kueleza kwa nini jamii hiyo haina wakubwa. Mojawapo ya sababu zake ilinishangaza: ni kwa sababu kila mwanamume ana silaha inayoua. Mishale ile, mingine yenye sumu, inatosha kumuua twiga, na inatosha kumuua mtu. Mtu yeyote anaweza kumvizia mwingine porini au kumkuta amelala, na hakuna ukubwa wa mwili wala mali utakaomlinda. Kwa hiyo hakuna anayethubutu kujifanya bwana. Tena mishale haikai kwa mtu mmoja. Wanachezea kamari iitwayo lukuchuko, wanarusha vipande vya magome kwenye shina la mti, na mishale inazunguka kambini kutoka mkono hadi mkono.

Mtu mwenye haraka anaweza kuichukua hoja hiyo na kusema: basi kila mtu apewe bastola, tutaheshimiana. Nami nilijaribu kuwaza hivyo kwa siku mbili tatu. Haishiki. Usawa wa Mhadzabe unasimama juu ya mambo ambayo bastola haina: anatengeneza silaha yake mwenyewe, kila mwenzake anayo, na asipompenda mtu anaweza kuchukua upinde wake akahamia kambi nyingine kesho asubuhi. Baba mdogo ana duka, ana mashine ya kukamulia mafuta, ana watoto shule. Hawezi kuhama. Na wale vijana watatu hawakuomba kibali.

Mfano wa karibu zaidi na wetu ni sungusungu. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, silaha zilikuwa zimetapakaa na wezi wa ng'ombe walikuwa wamebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilijipanga vyenyewe, na jambo hilo likasambaa. Serikali ilikuwa imeshaanzisha mgambo baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, na mgambo walifundishwa bunduki. Sungusungu walishika pinde na mishale, na filimbi. Ukisoma walioandika juu yao utaona kwamba filimbi ndiyo iliyokuwa silaha kubwa. Ikilia kijiji hiki, kinachofuata kinaitika, na mwizi wa ng'ombe anajikuta anakimbia ndani ya duara. Kuna pia upande mchungu wa sungusungu, wa watu waliopigwa na kuuawa kwa tuhuma tu, na yeyote aliyekulia vijijini kwetu anaujua.

*

Mwalimu tuliyempata alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo. Alitupeleka korongoni nje ya mji, mahali palipokubaliwa kwa kazi hiyo, ukuta wa udongo mwekundu nyuma ya ubao. Baba mdogo alikuwa amevaa koti. Nadhani aliona ni siku ya kuvaa koti.

Nusu saa nzima hatukupiga hata risasi moja. Mzee alimfundisha kuitoa magazini, kuvuta nyuma, kutazama ndani ya chumba cha risasi, kuingiza kidole kuhakikisha, kisha kurudia. Kidole cha shahada kikae pembeni, kimenyooka, hadi siku ya kuamua. Mkono wa kulia ushike juu kabisa ya mpini, wa kushoto uujaze ule upande uliobaki wazi, vidole gumba vyote vitazame mbele. Jicho likae kwenye alama ya mbele ya bastola, siyo kwenye ubao. Ubao uonekane kama una ukungu. "Mheshimiwa, ukiuona ubao vizuri, utaukosa," alisema.

Kisha akamweka hatua saba kutoka kwenye ubao. Baba mdogo akacheka. Hatua saba! Ubao ulikuwa karibu kiasi cha kuupiga kwa kiatu. Akapiga sita. Mbili ziligusa chini ya karatasi, nne ziliingia kwenye udongo.

Mzee hakushangaa. Alichukua magazini akageuka akatupa mgongo, akaijaza, akairudisha. Baba mdogo akapiga moja, ikalia. Akavuta tena triga, na safari hii hakikutoka kitu, maana mzee alikuwa amechanganya risasi moja iliyokufa katikati ya zile za moto. Bastola haikulia, lakini mtutu wake, mbele ya macho yetu wote, ulitumbukia chini kama mtu anayesinzia. Baba mdogo alikuwa anaukimbia mlio kabla haujaja.

"Hii ndiyo bastola," mzee alisema. "Bunduki ndefu inakusaidia, ina bega, ina shavu, ina urefu. Hii haina chochote. Kila ulicho nacho moyoni kinatokea kwenye ncha."

Umbali wa hatua saba haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1983 polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika makala fupi iliyobadilisha mafunzo ya bastola duniani. Alipima muda ambao mtu mwenye kisu anahitaji kuvuka futi 21, yaani mita sita na kidogo. Ni sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio ambao mtu aliyefundishwa anauhitaji kuchomoa na kupiga. Maana yake ni kwamba mwenye panga aliyesimama hatua saba kutoka kwako, hata kama una bastola kiunoni, mko sawa. Akiwa karibu zaidi, yeye yuko mbele.

Na hao waliofundishwa, wakifikwa na jambo lenyewe, wanafanyaje? Taasisi ya RAND ilichunguza rekodi za polisi wa New York za miaka ya 1998 hadi 2006. Katika matukio ambayo mtuhumiwa naye alikuwa anapiga, asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilimpata. Hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anawarudishia, ilikuwa asilimia 30. Hawa ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo na kupelekwa kwenye shabaha kila mwaka. Zile risasi nyingine zilikwenda mahali fulani. Katika mji kama Singida, siku ya mnada, nafikiria mahali fulani ni wapi.

Nilimsomea baba mdogo namba hizo tukiwa njiani kurudi. Alinyamaza hadi tulipofika lami.

"Na Lissu?" aliuliza.

Kwetu jina hilo halihitaji maelezo. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge wa Singida Mashariki, mtoto wa Ikungi, alipigwa risasi nyingi akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake Dodoma, mchana kweupe, wakati wa kikao cha Bunge. Alipelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Alipona baada ya upasuaji mwingi. Hakuna aliyehukumiwa kwa tukio lile. Sikuelewa baba mdogo alikuwa anauliza nini: kama Lissu angekuwa na bastola? Au kama haya yote ya hatua saba yana maana yoyote, wakati wanaotaka kukuua wanaweza kuja na silaha ndefu, kwa gari, wakati wao na mahali pao?

"Yeye alikuwa ameketi," nikasema. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

*

Tulirudi korongoni mara tatu. Baba mdogo ameboreka. Akiwa hatua saba, bila mtu wa kumkimbilia, huweka nne kati ya sita ndani ya duara la sahani. Mtutu bado unasinzia, ila kidogo. Mzee anasema inahitaji miaka, na risasi moja ni bei ya mlo, kwa hiyo miaka hiyo ni ghali.

Msimu uliofuata alibadilisha mambo mawili. Alianza kulipa sehemu kubwa ya fedha kwa simu, akikubali kumbembeleza mkulima mmoja mmoja, na akaacha kusafiri peke yake. Bastola bado anayo. Wakati wa kwenda shambani huivaa chini ya koti, na nimeona kwamba akiwa nayo husimama mbali kidogo na watu, kama mtu mwenye kidonda asichotaka kiguswe. Mama mdogo ameshazoea, au ameacha kusema.

Mwezi wa sita tulikwenda kumsalimia babu kijijini. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Alimwacha mwanawe amalize shikamoo, akapokea sukari na majani ya chai, akaulizia mvua ya mjini, kisha akasema:

"Nimesikia umenunua mtoto wa bunduki."

"Ndiyo, baba."

"Sitaki kukiona. Kinafika wapi?"

Baba mdogo alinitazama, nami nikajibu kwamba inafika mbali, ila mtu anafundishwa hatua saba. Babu alikuwa kwenye kigoda chake cha siku zote, chini ya mkungu, mahali ambapo anaona njia nzima hadi kwenye mbuyu. Juu ya mlango nyuma yake kulikuwa na upinde uliokauka, bila uzi, ambao sijawahi kumwona akiushika. Aliinuka kwa kuegemea fimbo. Akahesabu kwa Kinyaturu, taratibu, hatua za mzee: moja, mbili, tatu. Ya saba ilimkuta katikati ya uwanja, bado ndani ya ua, pembeni ya mbuzi aliyefungwa.

Alisimama pale akamtazama mbuzi. Mbuzi naye akamtazama.

"Huyu nimeshamkaribisha," alisema, akarudi kukaa.